Utete wa Shangazi

Kila siku baada ya shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akaketi sebuleni na kumsikiliza shangazi yake akifanya mazoezi ya saksafoni. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Lakini saksafoni ilipoanza kulia, hata yeye alinyamaza.

Shangazi alipiga muziki wa klasiki, ule wa kukaa na kusikiliza, na kila zoezi alilianza kwa sauti moja tu. Aliianza chini kabisa, akaikuza mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, kisha akaipunguza taratibu, hata usijue imekwisha lini.

"Mbona hupigi wimbo?" Chiriku aliwahi kumuuliza.

"Kupiga kwa nguvu hata honi ya lori inaweza," Shangazi alijibu akicheka. "Kazi ipo kwenye kufifisha."

Sauti ile ilitokana na utete, kipande chembamba kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni na kutetemeka ukipuliza. Tete mpya zilikuwa kaidi, zikikwaruza kila sauti ilipopunguzwa. Shangazi alizilainisha kwa siku kadhaa, akiupiga mmoja kidogo leo, akiukwangua kidogo kesho. Ule uliokuwa bora kuliko zote aliuweka kwenye kijisanduku cha bati, akaupumzisha juma zima kabla ya onyesho. Safari hii onyesho lilikuwa kubwa. Angepiga akiwa mbele, okestra nzima ikimsindikiza, jambo alilolingoja tangu ujana wake.

Jumatatu, Shangazi alipokwenda sokoni, Chiriku alifungua kijisanduku. Alitaka tu kujua utete ule una siri gani. Aliufunga kwenye saksafoni, akapuliza, ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa. Alipokuwa akiutoa, ncha yake ilinasa kwenye kifungo cha sare yake ya shule. Ukaingia ufa mwembamba kama unywele. Aliurudisha mahali pake, akafunika.

"Labda hataona," alijiambia.

Juma lile Chiriku alizungumza habari za kila kitu isipokuwa hiyo. Mezani aliisukuma sahani kabla hajamaliza.

"Unaumwa, mwanangu?" Shangazi alimuuliza.

"Hapana, Shangazi."

Jumamosi, siku ya onyesho, katika chumba cha nyuma ya jukwaa, Shangazi, Chiriku akiwa kando yake, alifungua kijisanduku, akauinua utete kwenye mwanga wa taa.

"Umepasuka," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui niliubana vipi."

Alijilaumu mwenyewe! Chiriku aliinama, akafunga upya kamba za viatu vyake. Shangazi akachukua utete mwingine, ambao bado ulikuwa mgumu, akapanda jukwaani.

Alipiga vizuri mno. Vidole vilikimbia, ukumbi wote ukatulia tuli. Kisha ikafika sauti ya mwisho, na okestra ikamwachia peke yake. Sauti ikapungua, ikapungua tena, halafu ikakwaruza na kukatika. Mtu mmoja akacheka huko nyuma. Makofi yalipigwa, lakini Shangazi aliinamisha kichwa bila kutabasamu.

Waliporudi chumbani, Chiriku aliangua kilio, akasema yote. Shangazi aliifuta saksafoni, akailaza kwenye sanduku lake.

"Kuupasua kulikuwa bahati mbaya," alisema. "Hata mimi nimepasua nyingi. Ungeniambia Jumatatu ningefoka, ndiyo, halafu ningelainisha mwingine. Nafasi ilikuwapo. Uliponyamaza ndipo uliponinyima nafasi hiyo. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, watu waweze kurekebisha."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini waliokuja leo wamekwisha kwenda zao, na hivyo ndivyo walivyonisikia."

Maneno hayo yalimuuma Chiriku kuliko fimbo. Tangu hapo alimsaidia Shangazi kuandaa tete mpya, akiziloweka, akizifuta na kuzipanga zikauke. Alasiri moja alikuja jikoni mbio, akihema.

"Shangazi, nimeuangusha mmoja!"

"Umepasuka?"

"Sijaangalia. Nimekuja kukuambia kwanza."

Shangazi aliweka mwiko chini, akamshika mkono.

"Haya, twende tukautazame pamoja."