Jino la Kumi na Tatu

Jumanne asubuhi Mueni alihesabu meno ya lile duara la mti alilochonga mumewe akapata kumi na mawili.

Jumatatu jioni yalikuwa kumi na matatu. Alijua vizuri, maana alikuwa ameyapitia yote kwa vidole vyake, akayasugua kwa msasa, akayapaka rangi ya viatu na kuyapangusa kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kama ya wake wengi wa wachongaji wa Wamunyu: mume anachonga, mke anang'arisha. Sasa mahali palipokuwa na jino la kwanza palikuwa laini, bila mkwaruzo wala unga wa mti, kana kwamba chuma hakikuwahi kupita hapo.

"Baba Carol, umetoa jino moja?"

"Nitoe ya nini?" Masila alisema, kikombe cha chai mkononi. "Nimekaa siku mbili nikiliongeza."

Duara la asili lilikuwa la Zamzam, mwanamke anayeuza vinyago Machakos mjini. Alilitoa katika sanduku la marehemu babake, aliyehama kutoka Pwani zamani. Lilikuwa la mti mweusi, pana kama sinia, katikati uso uliofumba macho, pembeni meno kumi na mawili, na baada ya hayo nafasi tupu ya kutosha jino moja. Zamzam alisema ni kalenda ya watu wa kale, nayo inahesabu mpaka siku ya mwisho. Wanunuzi wa siku hizi wanapenda sana vitu vya mwisho wa dunia. "Nichongee kama hili," alimwambia Masila, "na usibadilishe kitu." Kisha akaondoka na duara lake mara tu vipimo vilipochukuliwa.

Lakini Masila alikuwa amechonga kwa miaka thelathini na hakuna kazi iliyowahi kutoka mkononi mwake ikiwa nusu. Ile nafasi tupu ilimuudhi. Aliona ni uchovu wa mchongaji mwenzake, mtu aliyekufa zamani asiyeweza tena kurudi kumaliza. Akamwonea huruma, akammalizia.

Urbanus, jirani aliyechonga naye katika kibanda kimoja, alikuwa ameliiga duara la Masila, hata lile jino la nyongeza, akatengeneza jingine, zawadi ya Carol, binti ya Masila na Mueni aliyekuwa anahamia nyumba mpya Syokimau. Carol alilibeba kwenye gunia likiwa bado kavu, bila rangi. Alisema atalipaka mwenyewe akipata nafasi.

"Mwaka wa elfu mbili tuliambiwa hivyo hivyo," Urbanus alisema siku ile Zamzam alipokuja, akicheka. "Mwisho umefika. Mamangu akachinja jogoo wote tusiache kitu. Tarehe mbili Januari tuko hai, na hatuna jogoo."

Jumatano meno yalikuwa kumi na moja. Mchana Mueni aliwapakulia isyo, mahindi na maharagwe, na wote watatu walikuwa mezani sauti ilipoanza kibandani. Ko. Ko. Ko. Tezo juu ya mti, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

"Nani huyo anachonga?" Mueni aliuliza.

"Ni Urbanus," Masila alijibu bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua, kwa sababu Urbanus alikuwa ameketi mbele yake, kijiko kikiwa hewani.

Walienda kutazama. Tezo zote zilikuwa zimening'inia ukutani. Duara lilikuwa kwenye msumari wake. Kibanda kizima kilinuka kwato zilizoungua.

Alhamisi Mueni alikuta kuku wake tisa wamepangwa uani kwa duara, shingo zimepinduliwa, vichwa vyote vikielekea ndani. Jumamosi, jua likiwa utosini, mbuzi aliyekuwa amefungwa kwenye mti aliinuliwa na kitu kisichoonekana mpaka kamba ikakaza, akapigwa chini, akainuliwa tena, akapigwa tena, na hakuacha kulia mpaka mara ya nne. Masila alishika duara akalitupa katika moto wa jikoni. Moto ulilikataa. Ulipanda ukuta, ukashika paa, ukala jiko lote, na walipomaliza kumwaga maji walilikuta duara kibandani kwenye msumari, baridi, limebaki na meno manane.

"Tulipeleke kwa huyo mama wa mjini," Mueni alinong'ona.

"Tumwambie nini? Kwamba kazi yangu inaua mbuzi?"

Mueni hakumlaumu. Mtu aliyeishi kwa sifa ya mkono wake hawezi kuutilia shaka kwa siku moja. Jumapili walienda kanisani, wakaomba, wakarudi wakakuta saba.

Jumatatu walikuta sita. Saa saba mchana Mueni alikuwa analeta maji ya kunywa, na Urbanus alikuwa ameinamia gogo akichonga sikio la twiga, akilalamika kwamba mtu aliyevumbua twiga hakuwafikiria wachongaji, na Mueni alikuwa tayari ameanza kucheka pale ile harufu ya kwato ilipokuja, nzito kuliko siku zote, na tezo ikatoka mkononi mwa Urbanus taratibu kama mtu anayeazima, ikageuka hewani, naye akaiangalia kwa mshangao wa mtoto, akasema, "Mama Carol, shika hii," na Mueni akaangusha maji akanyoosha mkono, lakini tezo ilishuka, ikainuka, ikashuka, ko, ko, ko, kwa mwendo uleule usio na haraka, kwenye bega, kwenye shingo, kwenye uso, ikimchonga kama mti, na damu ikiruka mpaka kwenye twiga, na Mueni akipiga mayowe ambayo yeye mwenyewe hakuyasikia, mpaka mwili ukalala juu ya vipande vya mti na tezo ikarudi ukutani ikaning'inia, safi.

Polisi waliandika kwamba watu wasiojulikana walimvamia. Ni nani angewapinga?

Jumatano, meno yakiwa manne, Masila alikuwa akivaa shati aliposhikwa mkono wa kulia. Mueni aliona vidole vyake vikivutwa nyuma kimoja kimoja, kidole gumba kikiwa cha mwisho, na akasikia kila kimoja kikivunjika. Hospitalini walimfunga mkono mpaka kiwikoni. Kutoka hapo Mueni hakumuuliza mumewe tena. Alimpigia Zamzam simu.

Zamzam alikuja Jumamosi, siku ya pili baada ya Urbanus kuzikwa, pamoja na amu yake, Mzee Mahmud, mtu mwembamba anayewasomea wagonjwa dua huko mjini. Duara lilikuwa na jino moja. Mzee hakuligusa. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Masila.

"Hili la mwisho, uliliongeza wewe?"

"Kulikuwa na nafasi. Nilifikiri amesahau."

"Hakusahau, ndugu yangu. Aliyechonga lile la kwanza alifunga jini katika hesabu isiyokwisha. Anahesabu mpaka kumi na mbili, anakuta shimo, anaanza upya. Karne ngapi sijui. Wewe umemjengea daraja. Na ulipolipaka rangi, mama," alimwambia Mueni kwa upole, "kazi ikawa imekamilika, naye akaanza kuvuka."

"Kwa hiyo dunia inakwisha?" Mueni aliuliza.

"Ya nyumba lilimotundikwa. Kwa walio ndani yake hiyo ndiyo dunia." Alitazama jua. "Ikifika saa saba, atamaliza. Mkono uliolichonga jino ndio utakaolitoa. Wa mwingine hauwezi."

Masila aliinua ule mkono uliofungwa plasta nyeupe.

Mueni ndiye aliyechukua tezo. Aliweka mpini wake juu ya plasta, akaufunga kwa mpira wa baiskeli, akazungusha mara nyingi mpaka Masila akauma midomo. Zamzam alishikilia duara juu ya gogo. Mzee Mahmud alianza kusoma, na hapohapo harufu ikaja.

"Piga," Mueni alisema.

Masila alipiga, akalia, tezo ikateleza. Kitu kilimpiga mzee kifuani akaangukia ukuta, lakini hakuacha kusoma, damu ikimtoka mdomoni pamoja na maneno. Vinyago vilianza kuruka kutoka rafuni, tembo, simba, wazee wenye fimbo, vikiwapiga mgongoni na vichwani, na Zamzam alipasuka paji la uso lakini hakuachilia, na Mueni akaushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, akauinua na kuushusha, akiisikia mifupa ikisagana ndani ya plasta, akiisikia pumzi ya moto kisogoni pake, akisikia kitu kikihesabu karibu na sikio lake kwa sauti ya mti unaokatwa, na uso wa katikati ya duara ukafumbua jicho moja, jicho lenye maji, likamtazama, na akaushusha mkono tena, na tena, mpaka jino likaruka.

Kukawa kimya. Mbwa wa jirani alibweka. Jicho lilikuwa mti tu.

Mkono wa Masila haukupona. Ulikatwa juu kidogo ya kiwiko, na yeye mwenyewe alisema ni sawa, yu hai. Jioni aliketi nje akijaribu kushika patasi kwa mkono wa kushoto, na Mueni alikaa karibu naye bila kumsaidia, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Wiki ya tano baada ya Jumamosi ile Carol alipiga simu.

"Mama, Baba anaendeleaje?"

"Anajaribu. Nyumba mpya je?"

"Iko sawa. Ile duara ya Urbanus nimeipaka rangi juzi, nikaitundika sebuleni. Inang'ara, ungeiona. Inanikumbusha vile alikuwa anatuchekesha. Lakini Mama, nilikuwa nauliza. Ilitoka huko ikiwa na meno mangapi?"

Katika mambo yote yale Mueni hakuwa amelikumbuka lile duara la guniani. Aliona ng'ambo ya ua, katika boma la Urbanus, kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujashikamana. Chini ya udongo huo ulikuwapo mkono uliochonga jino la mwisho la duara lile.

"Mama? Uko?"

Nyuma ya sauti ya binti yake, ndani ya ile nyumba ya Syokimau, mtu alikuwa anagonga mti bila haraka.

"Carol," alisema. "Nani yuko na wewe hapo?"

"Hakuna mtu. Niko peke yangu."