Mafuta ya Kufika Mizani

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI

Kiranja alinusa kikombe cha kwanza, akakunja uso. Akanusa cha pili, akacheka.

"Hiki kinanuka kama kilabuni."

"Hiyo ni ethanoli," akasema Fundi. "Inatoka kiwanda cha sukari. Cha kwanza ni petroli ya magari ya mashindano."

"Nichagulie moja. Na usinipe somo, mimi shule niliikimbia."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha gereji. Mlango umefungwa kwa komeo, feni inazungusha joto lilelile. Kiranja, mwenye kazi, alikaa peke yake upande wa meza wenye kiti. Bubu, mshika bunduki, alikalia tairi. Walimbatiza jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Kipanga, dereva, aliegemea ukuta akitafuna kijiti.

Somo likatoka vilevile.

"Turbo inashindilia hewa ndani ya injini," Fundi akaanza. "Hewa ikishindiliwa inapata moto. Ikizidi, mafuta yanalipuka kabla ya zamu yake. Injini inagonga, pistoni inatoboka, na wewe unabaki barabarani na mzigo wako. Haya yote mawili yanavumilia. Lakini ethanoli inaipoza hewa. Nikiweka hiyo, naweza kuongeza msukumo mpaka gari lisahau mama yake."

"Na petroli ya mashindano?"

"Nzuri. Inawaka haraka asubuhi, na ukiifunga vizuri haivuti maji kama ethanoli. Ila hapa mjini anaiuza mtu mmoja, na kila mteja anamjua kwa sura. Askari wakiinusa, kesho wako kwake, keshokutwa wako hapa."

Kiranja akasukuma kikombe cha kwanza pembeni. "Ethanoli. Kiasi gani?"

"Mafuta ni uzito. Nimetoa tangi la kiwandani, nimefunga dogo la alumini kwenye buti. Lita kumi na mbili zinatutosha mpaka machimbo ya kokoto."

Kipanga akaacha kutafuna. Akamtazama Fundi kwa muda, kisha akaangalia viatu vyake.

Kila neno la Fundi lilikuwa kweli, isipokuwa hilo la mwisho. Ethanoli ina kiu. Safari inayotaka lita tatu za petroli, yenyewe inataka nne. Lita kumi na mbili za petroli zingefika machimbo. Za ethanoli zingeishia mizani, pale malori yanapopimwa, penye foleni ya madereva, wauza maji na askari wenye silaha.

Ndivyo Fundi alivyotaka.

Kiranja alitandaza ramani aliyoichora kwa makaa. Jumamosi kuna mashindano ya magari. Mji mzima utakuwa unanguruma, gari moja zaidi halitamshtua mtu. Mnunuzi wa dhahabu hufungua kasha saa nne apakie mzigo wa wiki. Wanaingia, wanatoka, wanashika barabara ya malori, wanapita mizani, wanaingia machimbo. Huko gari jingine linangoja.

"Tunabadilisha gari, tunagawana, kila mtu na njia yake," Kiranja akamaliza.

Kila mtu isipokuwa mmoja. Fundi alijua tangu jana yake, walipokuwa uani wakinawa mikono. Bubu alisema huku akisugua kucha, kama mtu anayesimulia mpira:

"Kipanga ananisikitisha, unajua? Kijana mzuri. Lakini sura yake imebandikwa kila ukuta, bingwa wa mashindano. Askari wataanza na nani? Basi Kiranja kanipa kazi yake pale machimbo. Sabuni iko wapi?"

Fundi alimpa sabuni.

Bubu hakujua anamwambia nani. Kiranja hachukui ndugu wawili kwenye kazi moja. Anasema damu ina masikio yake. Kwa hiyo miezi yote Fundi na Kipanga waliitana fundi na dereva. Hakuna aliyejua kwamba mke wa Kipanga ni mdogo wake Fundi, tumbo moja, ziwa moja. Siku wanaondoka nyumbani, mdogo mtu alimshika kaka yake kiwiko pale mlangoni.

"Kaka, mimi sina mume mwingine. Nirudishie akiwa anapumua."

Kumwambia Kipanga? Kiranja ndiye aliyemtoa jela, akamlisha, akamnunulia viatu vya kwanza vya mashindano. Kipanga angecheka, kisha angemwendea Kiranja kumuuliza usoni, naye angejibiwa kwa risasi. Simu zilishakusanywa, na usiku Bubu alilala katikati yao na bunduki kifuani, akiongea hata usingizini.

Likabaki tangi. Pingu zina ufunguo. Kaburi halina.

JUMAMOSI, SAA TATU ASUBUHI

Kulikuwa na baridi. Ethanoli haipendi baridi. Gari lilikohoa, likazima, likakohoa tena.

"Hilo ndilo litakalosahau mama yake?" Kiranja akauliza. "Mbona mama mwenyewe analiamsha na halitaki?"

"Likishapata joto utaniomba radhi."

Likashika. Moshi wake ulinukia tamu, kama chumba cha walevi kilichodekiwa. Kipanga alikuwa keshakaa kwenye usukani, mikono ina harufu ileile. Fundi aliinusa harufu hiyo, lakini gereji nzima ilinuka hivyo, akaipuuza. Hilo likawa kosa lake.

"Panda," Kiranja akamwambia.

"Mimi?"

"Aliyepika aonje."

SAA NNE NA DAKIKA TANO

Kazi yenyewe ilikwenda upesi, na vibaya. Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye sweta. Aliinua mikono, lakini Bubu alimpiga kwa kitako cha bunduki vilevile, akaanguka na kiti chake. Kutoka ndani ya gari Fundi aliona sweta likibadilika rangi kuanzia shingoni. Kiranja alitoka na kasha kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Nenda!"

Kipanga akaenda.

Fundi alikuwa ametengeneza magari mengi, lakini hakuwahi kukaa ndani ya kazi yake ikitumika hivi. Turbo ilipiga mluzi, kisha mgongo wake ukagandishwa kwenye kiti. Maduka yakawa mistari. Polisi wa pikipiki alijitokeza kwenye mzunguko, akabaki nyuma, akawa nukta. Kwa dakika chache, Mungu amsamehe, alifurahi.

Kisha akaanza kusikiliza.

Geji ya mafuta iliondoka na tangi la zamani, hivyo ni masikio tu yaliyobaki. Mlima wa kwanza. Wa pili. Kiwanda cha matofali. Hapa ilitakiwa ianze kukwamakwama. Injini iliimba kama arusi.

Paa la mizani likaonekana. Malori yamepanga foleni, askari wawili kivulini, mmoja anakula muwa.

"Kohoa," Fundi akanong'ona. "Kohoa, mama."

"Unasali?" Bubu akamuuliza. "Sali, sali, mimi pia nilisali, ila mimi niliomba—"

Mizani ikapita dirishani. Askari mwenye muwa akageuza shingo.

Fundi aliinua macho. Kwenye kioo cha ndani akakutana na macho ya Kipanga. Yalikuwa yanacheka, macho ya mtu aliyemfanyia mwenzake wema.

"Pumua," Kipanga akasema. "Nilikuongezea dumu alfajiri. Ulisahau kiu yake, na wewe ndiye uliyenifundisha! Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu, shemeji."

Neno likabaki hewani.

Kiranja akageuza kichwa polepole. Alimtazama Kipanga, akamtazama Fundi. Mtu aliyekimbia shule, lakini hesabu hii aliimaliza mara moja. Lita chache kuliko kiu. Ndugu wawili. Mizani yenye askari.

"Shemeji," akarudia. Bastola ikatoka. "Bubu, tusingoje machimbo."

Waya wa pampu ya mafuta ulipita nyuma ya kiti, karibu na nyonga ya Fundi. Aliufunga mwenyewe. Aliupata bila kuangalia, akaung'oa.

Injini iliyokuwa ikivuta kwa nguvu zote ilikosa mafuta ghafla. Kitu kilivunjika ndani yake kwa mlio wa sufuria iliyotupiwa jiwe. Kazi ya miezi minane. Gari likatikisika, Kipanga akapigana na usukani, likazunguka, likajibamiza ubavuni mwa lori la mwisho la foleni ya mizani iliyotoka upande wa pili. Bastola ikalia ndani ya gari lililofungwa. Fundi hakusikia kitu kwa dakika kadhaa, aliona tu kiganja chake cha kulia kina tundu, na kupitia tundu hilo rangi nyekundu ya kiti.

SAA TANO KASORO ROBO

Kiranja alikimbilia mashamba na kasha lake. Lilikuwa zito. Hakufika mbali.

Bubu alilala kifudifudi kwenye lami, mikono kisogoni, akiongea. "Afande, mimi niliambiwa tu, hata huyo dereva mimi nilimpenda, muulizeni…"

Kipanga alikaa kwenye nyasi na pingu. Damu ilimtoka puani. Kifua chake kilipanda na kushuka, kikapanda na kushuka. Fundi alikiangalia kifua hicho kama alivyowahi kuziangalia injini.

"Ulituuza," Kipanga akasema. "Niliona mkono wako. Ulituuza, mbwa wee. Kiranja alikuwa baba yangu."

Fundi alifungua mdomo. Askari mmoja alikuwa anamfunga kiganja kwa kitambaa chafu. Maneno yalikuwepo, yote, kuanzia sabuni ya uani. Lakini Kipanga asingeyasikia leo.

Kipanga akatema mate. Yakatua kwenye kiatu cha Fundi.

"Nitamwambia dada yako. Nitamwambia kila kitu."

"Mwambie," Fundi akajibu. "Mwambie kwa mdomo wako."