Samahani kwa Kifaransa

Siku Luhende alipoacha kuwa wa Dorotea, wali ulikuwa umeshapakuliwa.

Wajomba walikuwa wametoka Magu hadi Butimba kumwona mkwe anayekuja kujitambulisha. Walisubiri mpaka mchuzi ukaganda.

— Mwalimu, huyo fundi wako anatengeneza injini ya meli? alitania mjomba Mashimba. Maana ya boti ingeshapona!

Sebule nzima ikacheka. Dorotea alitamani ardhi immeze. Simu ikaita. Ni Luhende.

— Doro, nisikilize...

— Sitaki. Andika. Utaratibu unaujua.

Akakata.

Utaratibu aliuweka Dorotea mwenyewe, mwalimu wa Kifaransa. Luhende alikuwa mwepesi wa "nisamehe". Anakosea leo, kesho anarudia. "Samahani ya Kiswahili umeizoea," alimwambia. Tangu hapo kosa liliombewa radhi kwa Kifaransa, tena kwa wakati uliopita, na vile vitenzi vikorofi visivyofuata kanuni. Luhende, mtu wa grisi na spana, alihangaika navyo. Akikosea, anasahihishwa, anaandika upya, mwishowe wanacheka na hasira imekwisha.

Ujumbe ukaingia: "J'ai pas venu. Maman a tombé."

Sikuja. Mama ameanguka. Hata mwanafunzi wake angeelewa. Lakini Dorotea, macho ya wajomba yakimchoma mgongoni, aliona makosa tu, kama anavyoyaona kwenye madaftari. Akajibu:

"Je ne suis pas venu. Maman est tombée. Andika upya."

Luhende hakuandika. Dorotea naye akanuna, akangoja aombwe. Siku ya tatu ukaja ujumbe mwingine.

"Elle est morte. Hapo nimepatia, mwalimu?"

Amefariki. Hakukuwa na kosa hata moja. Ndipo Dorotea akaurudia ule wa kwanza, akausoma kama binadamu. 

Alipovuka kwa kivuko kufika Sengerema, nyumbani kwa kina Luhende, walikuwa wameshazika. Mhoja, shangazi yake Luhende, alimkuta amesimama uani.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Ndiye wewe mwalimu?

— Ndiye mimi.

— Marehemu alikuulizia sana. "Mkwe wangu amekwama wapi?" Tukamwambia uko njiani. Tulimdanganya mgonjwa, mwanangu.

Luhende alikuwa nyuma ya nyumba, anakusanya viti vya kuazima. Hakuacha kazi yake.

— Luhende, niliona vitenzi tu. Haki ya Mungu, mama sikumwona.

— Najua.

— Basi nitukane!

— Kwa lugha gani?

Dorotea akamsogelea. Machozi yakamtoka.

— Nisamehe, baba. Tuanze upya.

— Nilimshika mama kwa mkono huu, huu mwingine nakuandikia wewe. Nakuomba msamaha, unanipa alama.

— Nilikuwa na hasira. Wajomba walinicheka.

— Hata mimi wangenicheka ningevumilia, Doro. Ila nimechoka kufaulishwa na wewe.

Akabeba viti vinne kwa mpigo, akageuka.

— Chakula kipo jikoni. Kula kwanza, usipande kivuko na njaa.

Huko ndiko kuongea kwao kwa mwisho. Arobaini ya mama ni Jumamosi hii. Dorotea hajaalikwa.