Dakika Kumi za Kidoti

Kling, kling. Alfajiri, taa hazijawashwa, Kidoti alisikia kijiko kikizunguka kikombeni. Sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. Mama yake alikuwa anakoroga mawazo.

"Vaa sare, mwanangu. Tunapita kwa msuluhishi kwanza. Wewe ndiye shahidi wangu."

Moyo wa Kidoti ukafanya paa!

Mama yake alikuwa msusi. Wiki tatu nyuma, saluni ikiwa imefurika, alimpaka karani wa posta dawa ya kulainisha nywele, akamwagiza Kidoti aangalie saa. "Zikifika dakika kumi, niite." Kidoti akazama kwenye mchezo wa simu. Karani alipolalamika kwamba dawa inaunguza, mama aliuliza, "Zimefika?" Kidoti akajibu bila kuinua macho, "Bado, mama." Aliposhtuka, zilikuwa zimepita ishirini na tano. "Kumi zimetimia!" akasema, macho makavu.

Karani aliondoka na vidonda kichwani. Alitaka kwenda mahakamani moja kwa moja, ila akashauriwa wajaribu usuluhishi kwanza.

Chumba kilikuwa na meza ya duara na jagi la maji. Msuluhishi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwakaribisha.

"Hapa simhukumu mtu. Mkielewana, mtaandika wenyewe mlichokubaliana. Mmoja akisema, mwenzake asikilize."

Karani akafungua kitambaa cha kichwani. Palikuwa na vipara vitatu, kimoja bado chekundu.

"Wateja wananiuliza kama naumwa. Dada, sina haja ya kukufilisi. Unaniambia nilijikuna kabla ya kupakwa, ndiyo maana dawa ikaniunguza! Mtu akiri tu kwamba sikujikuna, kisha unitibu, yaishe."

"Nitakirije uongo, ndugu yangu? Hata mbele ya hakimu ningeapa: dakika kumi!"

Kidoti alitamani sakafu immeze.

Msuluhishi aliona alivyoinamisha uso. Akawachukua mama na mtoto hadi chumba cha pembeni, akafunga mlango.

"Mtakayosema humu siyapeleki kule bila ruhusa yenu."

Kidoti akaangua kilio. Yote yakamtoka: mchezo, simu, ile "bado", ile "kumi".

Mama hakufoka. Afadhali angefoka! Alikaa, akafunika uso kwa viganja.

"Wiki tatu namwita mtu mzima mwongo," alisema taratibu. "Na nilikuwa tayari kuapa."

Kidoti alimgeukia msuluhishi. "Bibi, mwambie wewe yule karani," alimsihi.

"Mimi kazi yangu kufungua mlango tu, mjukuu wangu."

Mama akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sikiliza, mwanangu. Kosa la kwanza lilikuwa uzembe, na uzembe husameheka upesi. Ulipolifunika kwa uongo, ukanibebesha na mimi. Mahakamani tungevutana miezi, na yule dada angebaki anachekwa. Hapa mezani ugomvi unaweza kuisha leo leo, ila mmoja aseme lililotokea. Hospitali nitampeleka mimi, na nywele nitazitunza mpaka ziote. Hilo la saa ni lako."

Mlango ukafunguliwa. Karani aliinua kichwa, mkono juu ya kitambaa. Kidoti alitembea mpaka mezani, akamtazama usoni.

"Shangazi, hukujikuna; dawa ilikaa dakika ishirini na tano na mimi nikadanganya."