Stendi ya Mjomba Cleophus

Kila siku alipotoka shule, Zariah alifanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Aliweka begi chini ya ngazi, akanawa mikono, akala kipande cha mkate wa mahindi alichoachiwa na Bibi Earline, kisha akaenda sebuleni kuifunua piano. Bibi aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, utadhani piano nayo hushikwa na mafua. Zariah alikunja kitambaa, akavuta kiti, akawasha. Jambo la mwisho kabla ya kuanza kupiga lilikuwa kubana goti lake la kulia kwenye mguu wa stendi iliyobeba piano ili isitikisike.

Hilo la goti hakufundishwa na mtu. Alilizoea tu, kama watu wanavyozoea mlango mbovu ambao haufunguki mpaka usukumwe kwa bega.

Zariah alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaani kwao kusini mwa Memphis alijulikana kuwa mtoto asiyeumauma maneno. Siku moja kwenye chakula cha kanisa alimkumbusha mchungaji, mbele ya wazee wote, kwamba alikuwa ameanza kula kuku kabla ya sala. Mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo msichana huyo jasiri alikuwa amelifumbia mdomo kwa miezi kadhaa, nalo lilikuwa lile la stendi.

Piano yenyewe haikuwa na ubaya. Ilikuwa piano ya kidijitali, ya zamani kidogo lakini nzima, na vitufe vyake vilikuwa vizito kama vya piano ya kanisani. Mama yake, Charlene, aliipata kwenye hoteli iliyokuwa ikifunga milango. Wanaume wawili waliipandisha barazani huku wakihema na kulaumiana. Siku hiyohiyo Mjomba Cleophus, kaka mkubwa wa mama, alifika akiwa amevaa kofia yake ya Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne, na mkononi alikuwa na stendi ya chuma yenye miguu iliyopishana kama mkasi. Stendi hiyo ilizunguka naye miji mingi enzi za ujana wake, alipokuwa akipiga kinanda katika kundi la nyimbo za injili. Aliikabidhi kwa hotuba fupi, na Bibi Earline akajifuta machozi kwa ncha ya aproni. Baada ya hapo ni nani angethubutu kusema kwamba inayumba?

Na iliyumba kweli. Zariah alipopiga taratibu, ilivumilia. Alipoingiza besi kwa mkono wa kushoto, piano nzima ilienda kando na kurudi. Basi mkono wake ukajifunza kuogopa. Ukawa unagusa besi kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Jumamosi moja Bi Vernell, kiongozi wa kwaya ya vijana, alikuja nyumbani kumsikiliza. Alikuwa akitafuta mtoto wa kuipigia kwaya piano Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata, na Zariah aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Alipiga wimbo wote bila kukosea hata mahali pamoja. Bi Vernell alimtazama, miwani ikiwa imeshuka puani.

"Mkono wa kulia unaimba," alisema. "Wa kushoto unaomba radhi. Wale watoto wana sauti, mwanangu. Ukiwapigia hivyo, watakumeza."

Mjomba Cleophus, aliyekuwa kwenye kochi na sahani ya keki mapajani, alimtetea kwa namna yake. Alisema mtoto bado ni mwoga, atazoea tu.

Neno hilo lilimchoma Zariah. Yeye, mwoga? Ulimi ulimwasha aseme ukweli palepale. Lakini alimtazama mjomba wake alivyokuwa akiitazama stendi ile kwa upendo, akameza maneno. Akamwambia Bi Vernell kwamba angeongeza mazoezi. Bi Vernell alimpa wiki moja tu. Kama mkono wa kushoto ungekuwa bado umelala, nafasi ingekwenda kwa mtoto mwingine.

Jioni ile mama aliporudi kutoka zamu yake hospitalini, Zariah alimwomba wasaidiane kuihamishia piano juu ya meza ya jikoni. Mama alishangaa lakini alikubali, wakaibeba hatua kwa hatua huku wakigongana viwiko. Meza ilikuwa ya mbao nene, nayo ilikuwa juu mno kwa kupigia piano. Mabega ya Zariah yalipanda karibu na masikio. Hata hivyo alipoanza wimbo uleule, besi ilitoka imejaa, ikafanya vijiko vilie ndani ya droo.

Mama aliacha kukoroga mboga. "Mkono huo ulikuwa umeuficha wapi siku zote?"

Zariah akamweleza yote: goti, kuyumba, na hofu ya kumvunja moyo mjomba. Mama alivuta kiti akaketi. Alikiri kwamba naye aliiona ikiyumba kila aliposafisha zulia, na kwamba Bibi Earline aliondoa picha ya marehemu babu juu ya piano kwa sababu hiyohiyo. Nyumba nzima ilijua, na nyumba nzima ilikuwa imenyamaza. Zariah alimsihi mama akamwambie mjomba. Mama akatikisa kichwa.

"Mimi siipigi, mwanangu. Anayeijua ni wewe. Mwambie mwenyewe, mwambie kwa adabu, na umwambie yote. Usimpe nusu."

Kesho yake baada ya ibada Mjomba Cleophus alikuja kula kama kawaida. Walikuwa wameirudisha piano mahali pake, na mezani palikuwa na kuku wa kukaanga, makaroni yenye jibini na majani ya kola, mboga inayofanana na sukuma wiki, yaliyopikwa na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Zariah hakusikia ladha ya chochote. Alisubiri mjomba amalize sahani ya kwanza, akaomba ruhusa ya kusema.

"Mjomba, nashukuru sana kwa stendi uliyotupa. Lakini inayumba nikipiga besi. Ndiyo maana mkono wangu wa kushoto unaogopa. Mimi si mwoga."

Uma wa mjomba ulibaki hewani. Bibi Earline alijifanya anatafuta chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mbele yake.

"Nani kakuambia hayo?" aliuliza mjomba.

"Hakuna. Naisikia mwenyewe."

"Stendi ile imebeba kinanda changu Mississippi yote na Arkansas, mama yako akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Leo iyumbe kwa mtoto wa miaka kumi na miwili?"

Ilionekana wazi kwamba ameumia. Lakini Zariah hakurudi nyuma. Alisema anaamini ilikibeba vizuri kinanda kile, kwa sababu kilikuwa chepesi, mjomba mwenyewe alikuwa akisimulia alivyokipakia garini kwa mkono mmoja. Piano hii ilibebwa na wanaume wawili. Kisha akamwomba kwa upole aende akaipige yeye mwenyewe, ahukumu.

Mjomba hakuhitaji kubembelezwa. Alivua koti, akakaa kwenye kiti, akaanza wimbo wa zamani wa kanisani kwa mikono yote miwili. Nyumba ilijaa sauti. Bibi Earline alianza kupiga makofi bila kukusudia. Stendi haikutikisika hata kidogo, na mjomba akageuza shingo kumtazama Zariah kwa ushindi.

Zariah alikuwa ameinama akitazama chini ya piano.

"Mjomba," alisema, "goti."

Mjomba alitazama chini. Goti lake la kulia lilikuwa limebana mguu wa stendi, palepale ambapo Zariah hubana lake. Alilitoa polepole, akashusha mkono wa kushoto kwenye besi kwa nguvu zilezile alizokuwa akipigia enzi zake. Piano ilikwenda kando, ikarudi, ikakwenda tena. Kitabu cha nyimbo kilichokuwa juu yake kilianguka zuliani. Mjomba alilitazama goti lake.

"Kumbe miaka yote ile," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa nikiibeba stendi."

Alianza kucheka, na kicheko chake kikawaambukiza wote, hata mama aliyekuwa akijizuia kwa kitambaa cha mezani. Kilipoisha, alimwambia mpwa wake asivue viatu kesho yake atokapo shule, waende dukani pamoja.

Dukani mjomba alivutiwa kwanza na stendi moja nyeusi, ya kung'aa, yenye nguzo moja katikati. Muuzaji aliwasomea namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwamba inabeba uzito mara mbili ya ule wa piano yao. Zariah aliuliza kama namba hiyo ni ya piano iliyotulia au ya piano inayopigwa na mtu. Muuzaji alikuna kichwa, akasema hajawahi kuulizwa hivyo. Alikuwa mtu mzuri. Alikubali kuweka juu yake piano nzito ya kujaribia.

Mjomba alipiga kama yuko kanisani. Wateja wawili waligeuka kutazama. Stendi ya nguzo moja ilinesa mbele na nyuma, ikakataliwa. Iliyofuata ilisimama imara, lakini ilikuwa juu mno, na Zariah alikwishajifunza mezani jikoni kwamba mabega yakipanda mikono huchoka. Mwishowe walichagua isiyokuwa na urembo wowote. Ilikuwa na miguu minne ya mraba iliyosimama mbalimbali, imeunganishwa nyuma kwa boriti pana, na soli za mpira ziliizuia kuteleza. Zariah aliisukuma kwa ubavu, akapiga besi, akaisukuma tena. Haikusogea. Alipokaa, viwiko vyake vilikuwa sawa na vitufe.

Nyumbani mjomba alifunga skrubu moja baada ya nyingine, akamwonyesha Zariah namna ya kuzikaza upya kila mara, maana hulegea zikipigiwa muziki. Stendi ya zamani aliirudisha kwake, akaweka juu yake kinanda chake kidogo.

Siku zilizobaki Zariah hakucheza na muda. Mwanzoni mkono wa kushoto ulikuwa bado una woga, hata sababu ya woga ilipokuwa imekwisha kuondoka. Aliushurutisha, akarudia sehemu zilezile za besi mpaka Bibi Earline akawa anaziimba akiosha vyombo.

Jumamosi Bi Vernell alirudi. Zariah alikaa wima, miguu yake yote miwili ikiwa sakafuni, akaanza. Besi iliingia kama watu wa nyumbani waingiavyo, bila kubisha hodi. Ubeti wa pili Bi Vernell alivua miwani na kuanza kuimba, na wimbo ulipokwisha hakutoa hotuba.

"Jumapili ya kwanza uje mapema," alisema. "Nitataka tuzipashe moto sauti za watoto kabla ya ibada."

Mama alimkumbatia Zariah mpaka akalalamika kwamba anabanwa. Bibi Earline aliuliza kwa sauti ya uchokozi ni nani aliyesema mtoto huyu ni mwoga. Mjomba Cleophus aliinua mkono kama mwanafunzi darasani. Kisha alisimama, akaenda kuweka mkono begani kwa mpwa wake.

"Nyote mlijua ile stendi haifai, mkanyamaza," aliwaambia watu wazima. "Mlidhani mnaniheshimu, kumbe mliniacha nijisifu kwa zawadi iliyokuwa ikimrudisha mtoto nyuma. Huyu aliniambia usoni, kwa adabu, na hakuniacha mpaka nilipoona kwa macho yangu. Zariah, usiache tabia hiyo. Ukiona kitu hakiko sawa, kijaribu uhakikishe, halafu useme, hata kama anayepaswa kuambiwa ni mtu unayempenda. Mimi ulinipenda ndiyo maana ukaniambia. Haya, rudia ule wimbo, na ule mkono wa kushoto nataka niusikie mpaka barazani."