Cherehani Sita za Kyeni

Jumatatu asubuhi, Februari 1988, karakana ya Kyeni pale Matiliku ilifunguliwa, na meza zote sita za kushonea zikakutwa tupu. Vichwa vya cherehani vilikuwa vimefunguliwa skrubu na kuondolewa. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Nje walisimama wanafunzi sita, wamevaa nguo za kanisani, wakimngoja mtahini wa serikali.

Kyeni kilikuwa kituo cha hisani. Kilianzishwa na Mwalimu Mwangangi, mzee wa kanisa aliyestaafu ualimu, ili kuwafunza ufundi watu ambao shule nyingine ziliwafungia mlango: viziwi, waliopooza miguu, wale waliofichwa nyuma ya nyumba wageni wakija. Hawa sita walikuwa wa kwanza kufika kwenye mtihani wa gredi ya tatu, cheti cha kwanza cha fundi. Mtahini alikuja, akazitazama zile meza, akarudi garini. Ijumaa angekuwa Kitui, akasema. Baada ya hapo, labda mwakani.

Koplo Nzilani alitumwa kwa miguu kwa sababu gari la polisi halikuwa na mafuta. Alipofika, jua limeshamchoma, alikuta bosi wake, Inspekta Evanson, ameshapita hapo kwa pikipiki na kumkamata mtu.

"Ni Ndungu," Evanson alimwambia kituo cha polisi. "Fundi wa sokoni. Alisema hotelini, watu wakisikia, kwamba hawa wakipata vyeti watamnyang'anya kazi ya kushona sare za shule. Wewe andika tu taarifa."

"Mashine zimepatikana kwake, afande?"

"Zitapatikana."

Hazikupatikana. Duka la Ndungu lilipekuliwa mpaka chini ya kitanda. Nzilani akaomba kuongea naye seli.

"Nilisema, sikatai," Ndungu alijibu, amechoka. "Mimi nimetoka Murang'a nikaja hapa kutafuta, si nitaogopa mtu akichukua kazi yangu? Lakini fikiria, afande. Nikitaka kuwaharibia, nibebe chuma yote hiyo ya nini? Ningetoa vikasha vya bobini peke yake, vile vinavyoshika uzi wa chini. Vyote sita vinaingia mfukoni, na hakuna mtu angeshona."

Nzilani alirudi Kyeni akiwa na hasira asiyojua aimwage wapi. Majirani walimwambia hawakuona mkokoteni wala punda Jumapili nzima. Mashemasi walimwambia amwachie Mungu. Kila alipotaka kumwuliza Syokau, msichana kiziwi aliyekuwa hodari kuliko wote kwa sindano, mtu alimkatiza: "Huyo hawezi kukwambia kitu." Mwishowe aliwafukuza wote, akaketi na Syokau na rafiki yake Ndinda, aliyetembelea magongo na kuzielewa ishara zake.

Syokau alichora hewani kwa haraka. Ndinda akatafsiri.

"Anasema tulitaka kuja Jumapili mchana kufanya mazoezi. Mwalimu akakataa. Akasema ni siku ya Bwana."

"Si ni kweli?"

"Jumapili zingine zote amekuwa akitufungulia."

Nzilani aliliweka hilo moyoni. Funguo za karakana zilikuwa mbili tu. Mmoja alikuwa nao Mwangangi; wa pili ulikuwa na mwalimu wa ushonaji, naye alikuwa kwenye mazishi Matinyani tangu Ijumaa. Akaenda kwa Kiema, mzee mwenzake Mwangangi kanisani.

"Jana ibada ilikwendaje, mzee?"

"Vizuri. Ila matangazo nilisoma mimi. Mwalimu alishikwa na tumbo, akatoka kabla ya mahubiri."

Vichwa sita vizito, hakuna mkokoteni, hakuna punda. Basi havikwenda mbali. Polisi walikuwa wamepekua soko lote, lakini hakuna aliyeupekua ua wa Kyeni wenyewe. Nyuma ya karakana kulikuwa na shimo la choo kipya, halijajengewa, limefunikwa kwa mabua ya mahindi. Nzilani aliyatoa. Ndani, juu ya tabaka la magunia, vilipangwa vichwa sita vya cherehani. Kila kimoja kilipakwa mafuta, kikafungwa kwa gunia lake.

Alimwita Mwangangi pale shimoni. Wanafunzi wakaja bila kuitwa.

"Mwalimu, mwizi hatandikii mali kitanda," Nzilani alisema. "Wala adui hapaki chuma mafuta kisishike kutu. Aliyefanya hivi alizipenda hizi mashine. Asichokitaka ni mtihani tu. Wewe ulikuwa na ufunguo, na jana ulitoka kanisani."

Mwangangi alivua kofia. Hakukana.

"Ningezirudisha wiki hii," alisema. "Miaka yote nimewaambia watu: hawa wanaweza. Nimesimama sokoni, nimesimama madhabahuni. Halafu nikawaza, wakianguka? Matiliku yote icheke? Niliona afadhali waseme tumeibiwa."

"Na Ndungu akiwa seli?"

"Huyo sikumtaja mimi."

"Hukumtoa pia."

Syokau alikuwa akimwangalia mdomo. Alipiga ishara chache, polepole.

"Anauliza," Ndinda alisema, "wewe mwenyewe uliwahi kuamini tunaweza?"

Mwalimu alishuka shimoni, akaanza kuvitoa vichwa kimoja kimoja. Hakuna aliyemsaidia.

Evanson alikataa kufungua mashtaka. "Mali imepatikana, Koplo. Mzee wa kanisa atajiibiaje?" Ndungu aliachiliwa Jumanne bila hata kuambiwa pole. Nzilani alilia kwa uchungu chooni, akanawa uso, kisha akaenda kumngojea mwenye lori la mchanga aliyekuwa akielekea Kitui. Alimsumbua mpaka akakubali kubeba watu sita na vichwa sita.

Ijumaa hiyo walifanya mtihani. Wanne walifaulu, Syokau akiwa wa kwanza. Wawili walianguka, na mmoja wao alikuwa Ndinda.

Ndinda alirudi Matiliku, akala ugali kwa mama yake, akalala. Asubuhi alipita sokoni kwa magongo yake. Watu walimsalimia kama kawaida. Mwaka uliofuata alifanya mtihani tena.