Mkuku Usio na Mwenyewe

Ndugu zangu, na hasa ninyi mnaogawana mali ya marehemu, sogeeni kidogo. Habari hii haina damu wala jela. Ina boti moja ya mbao, kaka wawili na dada mmoja, na ilitokea hapa hapa kwetu Uvira, kwenye mwalo wa boti, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya mtaa wa Songo.

Enzi za uhai wake, mvua zikiisha, mzee Ngongo aliita vijana wa mwaloni wamsaidie kuigeuza boti yake tumbo juu mchangani. Wanawe watatu walikuja na vikwanguo: Mahamudi mkubwa, Akram wa kati na Fadhila kitinda mimba. Walikwangua uteute wa kijani na konokono walioganda kwenye mbao, na rangi ya mwaka uliopita ikatoka vipande vipande. Kisha mzee alipanda juu akaketi ametanua miguu kwenye mkuku, ule mti mrefu wa katikati unaoshika mbao zote, akaupaka rangi nzito ya tumboni kwa mkono wake mwenyewe, akirudi nyuma polepole huku anaimba. Mama alileta chai na mandazi. Fadhila alipenda harufu ya rangi ile kuliko marashi. Waliishi kwa raha, na boti iliwalisha kwa nauli za abiria.

Mzee alipofariki, tamaa ikaingia nyumbani. Shehe alieleza mbele ya wote kwamba kila mtoto ana fungu lake, binti naye ana lake. Kaka wakaitikia kwa vichwa, tena kwa heshima kubwa. Shehe alipokwisha kuvaa viatu na kuondoka, Mahamudi akachukua upande wa kulia wa boti, Akram wa kushoto. Fadhila akapewa sufuria za baba, kana kwamba sufuria zinabeba abiria.

"Mwanamuke na boti, wapi na wapi?" Akram alisema.

Fadhila alizibeba sufuria akaenda zake. Alikuwa na mume, watoto na biashara yake ya unga, hakulala njaa. Lakini ilimuuma, nawaambieni wazi. Kila aliposikia harufu ya rangi alihisi kama amefukuzwa nyumbani kwao.

Tangu hapo abiria waliokaa kulia walikuwa wa Mahamudi, na waliokaa kushoto wa Akram. Msicheke, nasema kweli! Mvua zilipoisha, Mahamudi alipaka upande wake buluu na Akram akapaka wake kijani. Kila mmoja alikwangua vizuri sana, maana hakutaka mwenzake amseme. Ila brashi ya Mahamudi ilisimama kabla ya kufika kwenye mkuku, na ya Akram vilevile. Nani ampakie mwenzake rangi ya bure? Mkuku ukabaki na rangi ya mwisho ya baba, nayo ikawa inabanduka mwaka baada ya mwaka.

Siku moja boti ilikuwa inarudi kutoka Makobola, imejaa watu. Fadhila alikuwamo na magunia yake ya unga wa muhogo, na sufuria kubwa ya baba aliyokwenda kupikia huko kwenye harusi. Mara akahisi miguu imelowa.

"Yaya, maji inaingia!" alipiga kelele. Yaya ndivyo sisi huku tunavyomwita mkubwa wetu, awe mwanamume au mwanamke.

Mahamudi aliinama akapapasa mbao zake. "Upande yangu iko mukavu. Uliza Akram."

"Yangu pia iko mukavu," Akram akajibu kutoka nyuma, alikoshika moteri. "Minye nilipaka muzuri."

"Basi inatoka wapi? Mbinguni?"

Mama mmoja alimkumbatia mtoto wake akaanza kusali. Fadhila alisukuma magunia pembeni, akatia mkono katikati kabisa. Mti ukabonyea chini ya vidole vyake kama muhogo uliolowekwa. Akafungua kitenge chake cha juu, akakisokomeza kwenye ufa, akaketi juu yake.

"Mukombe maji!" alipaza sauti. "Kulia na kushoto, wote!"

Watu wakakomba kwa mabeseni na kwa mikono. Sufuria ya baba ilitoa maji kuliko vyombo vyote. Wakafika Songo wazima, Mungu ashukuriwe, ingawa unga wa Fadhila ulikuwa umegeuka uji.

Kesho yake boti ikageuzwa tumbo juu. Kila mtu aliona: huku buluu, huku kijani, na katikati mti mtupu, mweusi, umeoza. Libérat, fundi wa boti, aliuchoma kwa kidole, kidole kikazama.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Haiko yangu," alisema Mahamudi.

"Wala yangu," alisema Akram.

Fadhila akajitokeza mbele ya watu. "Baba aliacha watoto watatu. Fungu langu minye sijaliona mupaka leo. Munipe mukuku."

Kaka wakatazamana, wakacheka kwa nafuu, kama watu waliotuliwa mzigo. "Chukua, mudogo wetu! Chukua yote!"

Akachukua kweli. Yeye na Libérat walitoa sehemu iliyooza wakaunga mti mpya, wakaacha mbao zikauke barabara juani, maana rangi haishiki mbao yenye maji. Wakajaza pamba kwenye maungio. Fadhila alikwangua na kupiga msasa mpaka mikono ikaota malengelenge. Kisha akapanda juu, akaketi alipokuwa akiketi baba, akapaka rangi nzito akirudi nyuma polepole. Bila kujua, akajikuta anaimba wimbo ule ule. Moyo wake ulikuwa mweupe siku hiyo.

Rangi ilipokauka kaka zake walikuja na vijana wa kuisukuma boti, mama yao akifuata nyuma. Fadhila alikuwa amekaa juu ya mkuku, anakula ndizi.

"Shuka basi, tuitie kwenye maji," alisema Mahamudi.

"Muitie. Weye, yaya, beba upande yako. Yaya Akram abebe yake. Mukuku yangu inabaki hapa. Nitaipeleka kwangu, nianikie nguo."

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Akram naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Mahamudi hakucheka hata kidogo. Alimtazama dada yake aliyeketi pale alipoketi baba yao, na aibu ikamshika mpaka akainamisha kichwa.

"Tulikukosea, Fadhila," alisema. "Shehe alisema, tukasikia, tukajifanya viziwi. Boti iko ya sisi watatu."

"Sema tena, mama asikie kule nyuma."

Akasema tena, kwa sauti. Akram akaitikia. Kisha Mahamudi akaokota kikwanguo akaanza kuiondoa buluu yake mwenyewe, na Akram kijani chake, na siku hiyo boti haikushuka. Waliipaka tumbo lote rangi moja, ile ya mkuku. Mama alileta chai na mandazi.

Siku hizi abiria wanakaa wanapotaka. Fadhila anapata fungu lake kila safari, na mvua zikiisha yeye ndiye wa kwanza kupanda na brashi.

FUNZO

Binti wa marehemu ni mtoto wa marehemu. Haki yake si sadaka ya kaka zake, wala haigeuzwi kuwa sufuria. Tena mali ya pamoja ikikatwa mapande, kila mmoja hung'arisha pande lake, na pale katikati pasipo na mwenyewe ndipo maji huingilia. Anayezama hapo si dada peke yake. Wewe unayesoma, kama fungu la ndugu yako liko mikononi mwako, mpelekee leo, kabla hujalowa miguu.